Kwa Nini Shali Mbili za Mchoro Mmoja Hazifanani

Weka mezani shali mbili za sufu. Zimefumwa kwa mchoro mmoja, kwa sindano za milimita 4, na vitanzi vyake ukivihesabu vinalingana. Ya kwanza ukiinyanyua inateleza mkononi, vitundu vyake vinahesabika, na ukijitanda inalala begani bila kushikwa. Ya pili inasimama kama mkeka mpya. Vitundu vimezibwa na manyoya, na ile pembe iliyotakiwa kuangukia katikati ya mgongo imekwenda kukaa karibu na kiwiko cha kushoto. Zote mbili nimezifuma mimi. Hiyo ya pili ndiyo niliyoanza nayo, na kwa karibu mwaka mzima niliamini kwamba sijui kufuma.

Kufuma nilikuwa najua. Nisichokijua ni uzi.

Anayenunua uzi dukani hana haja ya kujisumbua na habari hizi. Kiwanda kimeshamwamulia unene, idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, upande wa msokoto na rangi, na karatasi iliyozungushwa kwenye donge inamwambia ana mita ngapi na atumie sindano gani. Ukisokota mwenyewe na kutia rangi mwenyewe, maamuzi yote hayo yanarudi kwako, na ukigusa moja umegusa na mengine. Nitajaribu kuyafumua hapa, nikikaa zaidi pale palipofungamana zaidi.

Tuanze na kondoo mwenyewe

Kondoo mwekundu wa Kimaasai na yule wa Kisomali mwenye kichwa cheusi wana nywele fupi, kama za mbuzi. Ukijaribu kuzisokota zinachomoka. Sufu ni kitu kingine: kila unywele wake una mawimbi madogo yanayoufanya uruke kama springi, na juu yake una magamba yanayoshikana na ya jirani yake. Mawimbi ndiyo yanayoipa shali uhai, ikivutwa inarudi. Magamba ndiyo yanayoufanya uzi usikatike, na ndiyo hayohayo yanayokuharibia kazi ukiosha vibaya.

Kwa hiyo shali ya sufu si urithi wa vijiji vyetu vingi. Kondoo wa sufu aliletwa nyanda za juu za Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Mmoja wao, Lord Delamere, alijaribu kufuga kondoo wa merino Njoro, na wengi wakamfia. Hata leo, mfumaji anayetaka sufu ya Kenya huifuata kwenye baridi: Molo, Nyandarua, miteremko ya Mlima Kenya. Mara nyingi atapata ya Corriedale, ya merino, au ya kondoo mchanganyiko ambaye hata mwenyewe hana uhakika na ukoo wake.

Ukoo una maana kwa sababu ya unene. Sufu hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Merino huwa kati ya 15 na 24 hivi, Corriedale kati ya 25 na 31. Ngozi ya shingo huanza kulalamika pale nywele nyingi zinapopita 30 au karibu na hapo, kwa sababu unywele mnene haupindi ukigusa ngozi, unachoma. Mtu anaposema "mimi sufu inaniwasha", mara nyingi hajawahi kuvaa sufu laini. Amevaa sweta la shule.

Hata kwenye kondoo mmoja sufu hailingani. Ya shingoni na mabegani ni laini, ya mapajani ni ngumu. Kule Shetland, visiwa vilivyo kaskazini ya Scotland, wanawake waliofuma shali nyembamba kabisa hawakuchukua ngozi nzima. Waliinyonyoa kwa vidole sufu ya shingoni wakati kondoo anapoanza kuiachia yenyewe, na iliyobaki ikaenda kwenye soksi na blanketi. Mimi kwa ile shali niliyoanza nayo nilichukua kila kitu, mapaja na vyote, kwa sababu nilikuwa nimelipia.

Kuosha nitapita haraka. Sufu mbichi ina mafuta yanayoyeyuka kwenye joto, kwa hiyo maji yawe ya moto kiasi cha nyuzi joto 60 za Selsiasi, sabuni iwe ya kutosha, na mikono yako ikae mbali. Magamba yakipata joto, sabuni na kusuguliwa kwa pamoja, yanafungamana na hayafunguki tena. Loweka, toa, loweka tena kwenye maji yenye joto lilelile. Usiisugue na usiihamishe ghafla kwenye maji baridi.

Uzi wenye hasira

Sasa tufike penye kiini. Jirani yangu mmoja ni nyanya aliyesuka viondo tangu usichana wake. Nilimpelekea ile shali iliyokwenda upande, nikitaka anihurumie tu. Akaipapasa, akavuta ncha ya uzi pembeni, akaiachia. Ikajikunja yenyewe kama mkia wa nguruwe.

"Huu umeusokota na nini?"

"Peke yake, nyanya. Ni uzi mmoja."

"Basi una hasira. Hukuupa mwenzake wa kuutuliza."

Akachukua nyuzi mbili za katani, akazilaza pajani sambamba bila kugusana, akazisukuma kwa kiganja kuelekea gotini. Kila moja ikajisokota kivyake. Halafu akazileta pamoja na kurudisha kiganja juu, na zile nyuzi mbili zikazungukana kwa upande wa pili. Akaachia. Kamba ikalala pajani, haikujikunja wala haikufumuka. Kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja, wanaosokota kamba za makumbi yaliyofukiwa mchangani kwa miezi, hufanya jambo hilohilo kati ya viganja viwili. Na dada yeyote anayesokota nywele za mafungu mawili analijua bila kufundishwa fizikia: kila fungu unalisokota kulia, kisha unayazungusha mawili kushoto. Ukizungusha upande uleule, zinafumuka kabla hujafika kituo cha basi.

Sababu yake ni hii. Uzi uliosokotwa umebeba nguvu inayotaka kurudi ulikotoka. Ukiunganisha nyuzi mbili zenye msokoto wa upande mmoja, kisha ukazizungusha pamoja kwa upande wa kinyume, nguvu zile zinasukumana na kutulizana. Wasokotaji huziita pande hizo Z na S, kwa sababu ukiutazama uzi uliosimama, mistari yake inalala kama mstari wa katikati wa herufi mojawapo. Desturi ya wengi ni kusokota Z kwanza na kuunganisha kwa S. Ukigeuza si dhambi, mradi hatua ya pili iwe kinyume cha ya kwanza.

Na uzi mmoja usiotulizwa unaifanya nini shali? Kila kitanzi kinapofumwa kinabeba kidogo ya ile nguvu, na kinainama upande mmoja. Kitanzi kimoja hukioni. Vitanzi elfu kumi vikiinama pamoja, pembetatu yako inageuka pembetatu isiyojulikana. Kuna njia ya kuukwepa mtego huu bila kuunganisha uzi: fuma ule ufumaji ambao pande zote mbili za kitambaa zinafanana, mistari ya mbonyeo na mistari ya mwinuko ikipokezana. Hapo mstari mmoja unainama kulia na unaofuata kushoto, na kitambaa kinanyooka. Kipande cha katikati cha shali nyingi za Shetland kimefumwa hivyo.

Baada ya upande wa msokoto, kuna kiasi chake. Msokoto ukiwa mdogo, uzi ni laini kama wingu lakini utatoa vidonge vya manyoya kwenye kwapa na mabegani wiki ya pili. Ukizidi, uzi unakuwa waya na shali haianguki. Nywele fupi zinahitaji msokoto zaidi ili zishikane, na ndefu zinavumilia mdogo. Uzi mwembamba unahitaji zaidi kuliko mnene. Hakuna namba moja ya kumpa mtu hapa. Mimi hufunga kipande cha uzi wa siku ya kwanza kwenye kiti ninachokalia, na kila nusu saa nalinganisha, kwa sababu mkono wa jioni hausokoti kama mkono wa asubuhi.

Halafu nyuzi mbili au tatu? Watu hudhani tatu ni bora kwa kuwa ni nyingi. Kwa sweta, pengine. Nyuzi tatu zikiungana zinafanya uzi wa mviringo unaojaza nafasi na kuonyesha vizuri misuko na mafundo. Nyuzi mbili zikiungana hazifanyi mviringo. Zinafanya kitu bapa kinachojisukuma kwenda pembeni, kwa hiyo kitundu kilichofumwa kwa uzi wa nyuzi mbili kinabaki wazi, na kile cha nyuzi tatu kinataka kujifunga. Shali ya vitundu inaishi kwa vitundu vyake. Kama una sufu ya kutosha shali moja na unasitasita, unganisha mbili.

Kuna na namna ya kuiandaa sufu kabla haijafika kwenye kijiti au gurudumu la kusokotea. Ukiichambua kwa brashi mbili zenye meno mafupi na kuiviringisha, nywele zinakaa shaghalabaghala, hewa inanaswa katikati, na uzi unatoka wenye joto na uso wa kimanyoya. Ukiichana kwa machanuo marefu, zile fupi zinabaki kwenye meno, ndefu zinalala sambamba, na uzi unatoka laini, wenye nguvu, unaong'aa kidogo. Mchoro wa vitundu unaonekana vizuri zaidi kwenye wa pili. Shali ile iliyosimama kama mkeka ilikuwa ya kuchambuliwa, ya uzi mmoja, yenye msokoto uliozidi, na ndani yake mna mapaja ya kondoo. Sikukosa hata kosa moja.

Waliokwisha kuyatatua haya

Jinsi watu mbalimbali walivyojibu maswali hayo inaonekana kwenye shali zao. Orenburg, kusini mwa milima ya Ural nchini Urusi, hawatumii kondoo. Wanachana mbuzi wakati wa kupukutika na kupata unyoya laini mno wa ndani. Unyoya huo ni mfupi na peke yake ni dhaifu, kwa hiyo uzi wake unaunganishwa na uzi mwembamba wa hariri. Hariri ndiyo mifupa, unyoya ndio nyama. Haapsalu, mji wa pwani ya Estonia, shali zina vifundo vinavyopatikana kwa kutoa vitanzi 5, 7 au 9 kwenye kitanzi kimoja kisha kuvikusanya tena pamoja. Jaribu hilo kwa uzi wenye manyoya ya kushikana, utatupa sindano.

Shetland, hasa kisiwa cha Unst, kilitoa shali ambazo hupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Watu huushangaa ule mchezo wa pete na kusahau kwamba ni kipimo cha uzi: kitambaa cha zaidi ya mita moja kila upande hupita tundu lile kwa sababu msokotaji aliweza kuufanya uzi kuwa mwembamba kuliko wa kushonea bila kuukata. Shali hizo zilionyeshwa London kwenye Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, na matajiri wakazipenda. Waliozifuma je? Kwa miaka mingi wafanyabiashara wa visiwani waliwalipa kwa chai na vitambaa vya dukani badala ya fedha, hadi serikali ya Uingereza ikatuma uchunguzi, na ripoti yake ya mwaka 1872 imejaa maelezo ya wanawake hao. Nikisikia mtu akisema shali ya mkono ni ghali, ripoti hiyo hunijia kichwani kabla sijajibu.

Visiwani hukohuko kulikuwa na shali ya kazi, ya kila siku, nzito kidogo, yenye mawimbi ya rangi yanayotoka kahawia kwenda kijivu kwenda nyeupe. Rangi zile mara nyingi hazikutiwa. Ni za kondoo mwenyewe.

Uzi utatosha?

Hili ndilo swali linalowakosesha usingizi wanaosokota wenyewe, kwa sababu donge lako halina karatasi. Pima mwenyewe, lakini pima baada ya kuuosha uzi na kuukausha, maana sufu ikioshwa hufura na urefu hupungua. Uzungushe kwenye migongo ya viti viwili, pima mzunguko mmoja kwa futi kamba, hesabu mizunguko. Mzunguko wa mita 1.5 mara 260 ni mita 390. Uweke kwenye mizani ya jikoni: gramu 98. Basi una karibu mita 4 kwa kila gramu, na hiyo ndiyo karatasi yako. Shali ndogo ya shingoni hutaka mita 400 hivi. Ya kujifunika mabega vizuri inataka mara mbili yake.

Sasa utata. Shali ya pembetatu inayoanzia katikati ya shingo huanza na vitanzi vichache, na kwa kawaida vinaongezwa 4 kila baada ya mistari miwili. Mistari ya mwanzo inakwisha upesi, wala donge halionekani kupungua. Mfumaji anaona yuko katikati ya mistari, anadhani yuko katikati ya uzi, anafurahi na kuanza kufikiria kuongeza ukingo mpana. Hesabu inasema vingine. Kwa shali ya mistari 200, ukifika mstari wa 100 umetumia robo tu ya uzi. Nusu ya uzi inafika mstari wa 141. Kinachokua ni eneo la pembetatu, na eneo hukua kwa mraba wa urefu. Ile mistari 59 ya mwisho inakula uzi sawa na ile 141 ya kwanza.

Kwa anayesokota, hili ni baraka. Shali inayoanza ndogo na kupanuka inaweza kusimamishwa popote uzi unapokaribia kwisha, na hakuna atakayejua ulikusudia kuendelea. Ile inayoanzia kwenye ukingo mrefu na kupungua haikupi nafasi hiyo: umeanza na vitanzi 350 kwa matumaini, na uzi ukiisha ukiwa na vitanzi 40 mkononi, unabaki na shali yenye tundu. Nikiwa na uzi usio na pacha wake duniani, siwezi kuanzia mahali pengine ila padogo.

Mwishoni usiamini macho, amini mizani. Pima donge, fuma mistari miwili, pima tena. Kama mistari miwili imekula gramu 3, basi anza kufunga vitanzi ukiwa bado na gramu 5 au zaidi. Kufunga ukingo kwa ulegevu, kama shali inavyotaka, kunakula uzi wa urefu wa mara tatu au nne ya upana wa shali, na ukibana ili kuokoa uzi, shali nzima itakunjamana.

Rangi: sufu si pamba

Wengi wetu tunaijua rangi kupitia batiki. Hapo ndipo hatari ilipo. Rangi za batiki ni za pamba, na nyingi hufanya kazi pamoja na kostiki soda au magadi. Pamba ni mmea, inaipenda hali hiyo. Sufu ni protini, ndugu wa kucha na nywele zako, na kostiki soda ya moto inaiyeyusha. Haiifubazi tu. Inaiyeyusha, unabaki na uji. Sufu hutaka upande wa pili wa mizani: uchachu.

Rangi za unga za kiwandani zinazofaa sufu hushikishwa kwa siki na joto. Kiasi cha gramu 1 ya unga kwa gramu 100 za sufu kinatoa rangi ya kati. Uzi uloweke kwanza hadi maji yaingie ndani kabisa, uweke kwenye rangi ikiwa vuguvugu, pandisha moto polepole hadi karibu na kuchemka, uuache hapo nusu saa au zaidi bila kukoroga hovyo, na uuache upoe ndani ya sufuria. Utajua rangi imeingia pale maji yatakapobaki meupe. Ukitaka rangi sawa kotekote, siki iweke baadaye, maana ikitangulia rangi inarukia sehemu ya kwanza ya uzi na kuinyima iliyo nyuma. Ukitaka mabaka mazuri, tanguliza siki. Kosa la mmoja ni mtindo wa mwingine.

Rangi za mimea zina mantiki yake. Nyingi haziwezi kushika sufu peke yake, zinahitaji mshenga. Mshenga mkuu duniani ni shabu, ileile ya mawe meupe inayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili. Gramu 10 hadi 15 za shabu kwa gramu 100 za sufu, zichemshwe pamoja taratibu, kisha ndipo rangi iingie. Chembe za aluminiamu zilizomo kwenye shabu hushikana na sufu, na rangi hushikana na chembe hizo. Maganda ya vitunguu juu ya shabu yanatoa njano nzito inayoelekea kahawia. Tone la chuma huzimisha rangi yoyote kuelekea kijani cha zeituni au kijivu, lakini chuma kikizidi sufu inakuwa kavu na kukatika.

Hina haihitaji mshenga. Inashika protini moja kwa moja, ndiyo maana bibi harusi hurudi kazini na kucha zenye rangi wiki nyingi baada ya viganja kusafika. Manjano ya jikoni nayo yanaingia kwa urahisi, yanapendeza ajabu, na jua linayala. Nilitengeneza shali ya manjano nikaianika dirishani ili ionekane na wapita njia. Upande mmoja sasa ni wa maziwa.

Nili, rangi ya bluu, ni mkaidi kuliko zote. Haiyeyuki kwenye maji. Inabidi inyimwe oksijeni, kwa kuchachushwa au kwa kemikali, hadi igeuke kimiminika cha kijani-njano, na hapo ndipo uzi unazamishwa. Ukiutoa ni wa kijani. Ndani ya dakika, hewa inaugusa na unageuka bluu mbele ya macho yako. Nimeifanya mara nyingi na bado huwa naita watu waje waone. Kwa nyekundu, dunia ilitegemea mizizi na wadudu. Mdudu maarufu hufugwa juu ya mpungate huko Mexico na Peru, na mdudu wa jamii hiyohiyo ameachiliwa Laikipia kwa kazi nyingine kabisa, kuula mpungate uliovamia malisho. Mponde kwa kidole uone wekundu wake.

Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria, alipata zambarau kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, na baada yake rangi za kiwandani zikazagaa. Sina ugomvi nazo. Nyingi hudumu kuliko manjano yangu.

Linalohusu shali moja kwa moja ni hili: rangi na mchoro vinagombea jicho. Uzi wenye mabaka ya rangi tano ukiufuma kwa vitundu vya majani na maua, hutaona jani wala ua. Uzi wa namna hiyo upe ufumaji wa kawaida, na vitundu vipe uzi wa rangi moja iliyotikisika kidogo, nzito hapa, nyepesi pale, kama inavyotoka sufuriani kwa mkono. Na kwa kuwa hakuna sufuria mbili zinazotoa rangi ileile, hata ukipima kwa mizani ya dhahabu, fuma kwa mafungu mawili ukipokezana kila mistari miwili. Ukisubiri fungu la kwanza liishe ndipo uanze la pili, mstari wa mpaka utaonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Maji ya mwisho

Shali ya vitundu ikitoka kwenye sindano ni kitu cha kukatisha tamaa. Imejikunja, ina mabonde, ni ndogo kuliko ulivyotarajia. Usiikatie tamaa. Iloweke nusu saa, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze juu ya godoro na uivute hadi vitundu vifunguke, ukibana ukingo kwa pini kila kona. Inaweza kuongezeka kwa robo ya ukubwa wake au zaidi. Shetland waliifunga kwenye fremu za mbao na kuziegemeza nje kwenye upepo.

Anayeenda saluni anaelewa kinachotokea. Nywele zikiloweshwa, vifungo vidogo vinavyoshika umbo lake vinaachia. Zikikaukia kwenye roli, vifungo vinajifunga upya katika umbo la roli. Sufu ni nywele, inafuata sheria hiyo, na inafuata na ile ya pili ambayo kila aliyetoka saluni anaiogopa: maji yakirudi, umbo linarudi. Ndiyo maana shali ya vitundu inavutwa upya kila inapofuliwa. Uzi wa akriliki haujui habari hizi. Maji hayaubadilishi, na ukiulazimisha kwa pasi unalegea moja kwa moja usirudi tena.

Ile shali niliyoanza nayo, iliyokwenda upande, nimeiloweka na kuinyoosha mara nne sasa. Kila mara inakauka imenyooka kabisa, pembe ikiwa katikati ya mgongo, hata nyanya akaniuliza kama nimefuma nyingine. Halafu Julai inafika, ukungu wa asubuhi unashuka, nakwenda dukani na kurudi, na nikiivua pembe iko kwenye kiwiko cha kushoto.